Kinanda Sikivu

Neno lililonitaabisha zaidi mwaka huu halikutoka kitabuni. Lilitoka katika karatasi za maelezo ya kinanda cha umeme. Mpwa wangu, ambaye makazi yake ni Ulaya na ambaye kila baada ya miaka miwili au mitatu huja kutujulia hali, safari hii alifika na sanduku refu lililomgharimu nauli ya ziada, na ndani ya sanduku mlikuwa na kinanda kiitwacho Osmose. Sifa kubwa anayopewa mnunuzi kuhusu vinanda vya aina hii ni kwamba ni vyombo vyenye "kueleza", kwa maana ya kuyatoa nje yaliyo moyoni. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, hili kwa Kiswahili utalisemaje?" Nikamwambia nitamjibu kesho. Zikapita siku kumi na moja.

Nilianza na "elezi", nikaliacha, kwani wanasarufi wameshalipa kazi nyengine. "Chenye hisia" ndilo linalopendwa na vijana, nami naliona ni neno la uongo: hisia ni za mja, na kinanda, hata kikiwa ghali vipi, ni ubao, waya na umeme. "Chenye kueleza" ni sahihi lakini halisemi kitu, maana hata kengele ya skuli inaeleza, na hakuna aliyewahi kuisikiliza kwa machozi. Nitalirudia suala hili. Kwanza nikielezee chombo chenyewe, kwa sababu neno nililolipata hatimaye sikulipata kwa kufikiri bali kwa kubonyeza.

Kwa sura, kinanda hiki hakina ajabu. Kina vibonyezo 49, vyeupe na vyeusi, vya ukubwa tuliouzoea, na kioo kidogo cha maandishi. Spika hakina, bila ya kukiunganisha na kipaza sauti ni bubu kama meza. Ajabu yake iko chini ya kidole. Katika kinanda cha kawaida, safari ya kibonyezo kutoka juu hadi chini haina maana kubwa: chombo hupima kasi yake, kikatoa sauti, na baada ya hapo kidole kina machache ya kusema ila kuondoka. Hapa sauti huanza tangu kibonyezo kinapoanza kuzama, nayo hukua kadiri kinavyozama. Kikifika penye kizuizi laini kuna kina cha pili, na ukizidi kukandamiza sauti hugeuka tena, ikang'ara au ikakwaruza. Kisha kibonyezo hichohicho huyumba kushoto na kulia, na sauti hushuka na kupanda nacho. Tena kila kibonyezo kwa nafsi yake. Ukishika sauti tatu kwa vidole vitatu unaweza kukitikisa kidole cha kati, na sauti mbili za pembeni zikatulia kama maji mtungini.

Mimi si mpigaji. Ushairi, tafsiri na fidla vyote nilijifunza peke yangu, na katika hivyo vitatu fidla ndiyo iliyonishinda kwa haki, mbele ya mashahidi. Lakini masikio ninayo, na usiku wa kwanza, walipolala wenzangu, nilijaribu kwa vibonyezo vile kupanda ngazi ya Rasti. Asiyezijua maqamu na ajue hivi tu: noti ya tatu ya Rasti haimo katika kinanda cha kawaida. Si Mi, wala si Mi iliyoshushwa nusu toni; iko baina, na mahali pake khasa baina ya hizo mbili hapalingani Misri, Sham na Uturuki. Nikabonyeza Mi, nikakisukuma kibonyezo kushoto kidogo. Kikapita. Nikakirudisha, kikazidi. Nilikaa hapo kiasi cha robo saa nikiitafuta noti moja, na mara mbili tatu nikaipata, kwa muda mfupi kama mtu anayekumbuka jina akalisahau tena. Wallahi sikuwahi kufanya hivyo juu ya kinanda tangu kuzaliwa kwangu.

Niliwasikia watu wakisema kwamba jambo kama hili halijapata kutokea. Limetokea, tena karibu miaka mia iliyopita. Mwaka 1928 mjini Paris, Maurice Martenot, mpiga cello ambaye wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza alifanya kazi ya simu za upepo, alikionyesha hadharani chombo cha umeme kilichobaki na jina lake. Baadaye alikitia vibonyezo vilivyoning'inizwa kwa namna ya kuyumba kushoto na kulia ili mpigaji aitetemeshe sauti kwa kidole, kama afanyavyo juu ya uzi wa cello. Mbele ya vibonyezo ulipita uzi wenye pete. Mpigaji aliivaa pete kidoleni na kuiteleza sauti bila ya kuikata. Na mkono wa kushoto ulikaa juu ya kidude kimoja tu cha kukandamiza. Kidude hicho kilikuwa pumzi ya chombo kizima: usipokikandamiza, hata ubonyeze vibonyezo vyote, hapatoki sauti. Naona hapo palikuwa na busara kubwa. Martenot alijua kwamba katika muziki kunyamaza nako kunataka mkono.

Kwa nini chombo hicho kinajulikana hadi leo, ilhali vingi vilivyozaliwa nacho vimo katika makumbusho? Si kwa ubora wa waya zake. Ni kwa sababu Olivier Messiaen alikitungia. Mwaka 1937 aliandika tungo ya vyombo sita vya aina hiyo kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris, na mwaka 1949 simfonia yake iitwayo Turangalîla, ambayo ina nafasi ya chombo hicho, ilipigwa kwa mara ya kwanza mjini Boston. Tangu hapo kila okestra inayotaka kuipiga simfonia hiyo hulazimika kumtafuta mtu anayekijua chombo, na mtu huyo alilazimika kumtafuta mwalimu, na kwa hivyo ilikuwapo sababu ya darasa katika chuo cha muziki cha Paris. Nimelirefusha jambo hili kwa makusudi, kwani ndilo nitakalolihitaji mbele.

Baada ya Martenot dunia ilichukua njia nyengine. Mwaka 1983 ulitoka utaratibu uitwao MIDI, lugha ambayo vinanda vya umeme vya viwanda mbalimbali huzungumzia. Ni lugha ya karani wa mlangoni. Karani huyu huandika kwamba kibonyezo namba sitini kimebonyezwa kwa kasi fulani, na kwamba kibonyezo namba sitini kimeachiwa. Anayo pia njia ya kuandika kwamba sauti imepindishwa, lakini upindaji huo aliuandikia chumba kizima na si mgeni mmoja mmoja: ukiipinda sauti moja, zote zilizomo humo hupinda pamoja. Ilichukua hadi 2018 kwa watengenezaji kuafikiana juu ya utaratibu wa nyongeza, MPE, ambao humpa kila mgeni chumba chake, hata kila noti ikaweza kupinda, kukua na kugeuka peke yake. Miaka 35 yote ile muziki mwingi wa vinanda duniani uliandikwa na karani asiyesikia kilichomo baina.

Sisi watu wa pwani hatuna haki ya kumcheka karani huyo, kwa kuwa tunaye wetu. Hati ya Kilatini tunayoiandikia haitofautishi paa la nyumba na paa wa mwituni, ingawa Mmvita akiyatamka maneno hayo mawili humsikii akiyachanganya: mmoja hutamkwa kwa pumzi na jengine bila ya pumzi. Tumeandika mashairi kwa hati hiyo, tukayachapa, tukayafundisha, na msomaji aliyelelewa mbali na Mombasa husoma paa akahesabu mizani mbili na kuridhika. Hesabu ni sahihi. Pumzi haimo.

Sasa nije kwetu. Vinanda vya umeme vilipoingia katika taarabu, na khasa miaka ya 1990 zilipovuma bendi za taarabu ya kisasa kama East African Melody, walilaumiwa kwa mengi: maneno makali, kucheza, mipasho. Mimi sikuwahi kuwalaumu kwa hayo. Maneno makali yamo katika ushairi wetu tangu zamani, na aliyemsoma Muyaka anajua. Lawama yangu ilikuwa ndogo na ya kiufundi, na labda kwa hivyo haikusikilizwa: kinanda kilizifungia nje maqamu zetu. Rasti, Bayati na Sika zinataka noti zilizo baina. Hijazi na Nahawandi zinaweza kuishi katika vibonyezo vya kawaida, nazo ndizo zilizobaki. Mwimbaji aliyekuwa akiipinda sauti kwa kuifuata fidla akajikuta anagongana na kinanda kisichopinda, na kwa kuwa kinanda kina spika kubwa, aliyenyoosha mkono akaomba suluhu ni mwimbaji.

Najua nitajibiwa kwamba viko vinanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi za Kiarabu, vyenye vitufe vya kuishusha noti robo toni. Viko, na vimesaidia. Lakini robo hiyo imepigwa msumari. Noti ya baina katika mkono wa fundi haisimami mahali pamoja. Wimbo ukipanda hunyanyuka kidogo, ukishuka hulegea, na hapo ndipo msikilizaji anapotikisa kichwa.

Wala ugomvi huu hatukuuanza sisi. Wahindi waligombana juu ya hamonia, chombo kilichotoka Ulaya na ambacho watu wa Mombasa wanakijua vizuri katika taarabu yao. Mwaka 1940 redio ya taifa ya India ilikipiga marufuku kwa hoja kwamba hakiwezi kuteleza baina ya sauti na sauti, na marufuku hiyo haikulegezwa hadi 1971. Mjini Cairo, katika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu wa mwaka 1932, walijadiliana iwapo piano ikubaliwe, na waliletwa hapo watu na piano zilizoundwa kwa robo toni. Cairo hiyo ndiyo ile ambayo, kwa masimulizi ya wazee, Sultani Barghash aliituma watu wakajifunze ganuni. Kwa hivyo suala la kinanda na noti ya baina limetufikia kwa urithi. Halikuja na mpwa wangu.

Waliolijibu kwa vyombo, na si kwa marufuku, wamekuwa wengi katika miaka hii 25. Mwaka 1999 Lippold Haken, mhandisi wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, aliuza kwa mara ya kwanza chombo chake kiitwacho Continuum, ambacho hakina vibonyezo kabisa: ni uso mrefu wa kitambaa laini, mtu akauteleza kidole kama juu ya uzi mmoja usio na mwisho. Roger Linn, ambaye jina lake lilijulikana kwa mashine ya ngoma ya mwaka 1980, alitoa mwaka 2014 ubao wa miraba 200 uliopangwa kama nyuzi za gitaa. London ilitoa Seaboard ya kampuni ya ROLI mwaka 2013, kinanda chenye ngozi ya mpira mfano wa mawimbi. Osmose yenyewe ni ya Wafaransa, ilitangazwa 2019, na matumbo yake yanayotoa sauti yametokana na kazi ya Haken huyohuyo.

Katika hivyo vyote, mmoja ameshaingia masikioni mwetu bila ya sisi kujua. Wapenzi wa filamu za Kihindi, na visiwani humu ni wachache wasio wapenzi, watakumbuka muziki wa Delhi-6 wa mwaka 2009. Katika wimbo "Rehna Tu" maneno yanakwisha, kisha inakuja sauti ndefu inayoteleza na kujizungusha, na wengi tulidhani ni ala ya asili ya kwao, au ni mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo. Ni A. R. Rahman akipiga Continuum. Nimeusikiliza mwisho ule mara nyingi mwezi huu. Unapendeza kwa sababu Rahman hapigi chombo. Anapiga mtelezo wa India, ambao ulikuwako kabla ya Haken kuzaliwa, na ambao hamonia iliunyima nafasi. Alikuwa na la kusema, akapata pa kulisemea.

Linganisha hayo na maonyesho ya wapigaji wengi wa vyombo hivi, ambayo mpwa wangu alinisikilizisha usiku baada ya usiku. Mtu mmoja, peke yake, sauti moja ndefu ya mawinguni, mwangwi wa pangoni, kidole kinatetemeshwa, kibonyezo kinakandamizwa, sauti inafura, inanywea. Hakuna wimbo. Baada ya la tano nilimwambia mpwa wangu kwamba hawa ni kama washairi wanaotuonyesha kalamu. Alikasirika kidogo, nami nakiri nilisema kwa ukali, maana wapo miongoni mwao wenye mikono ya ajabu. Lakini ukali huo siuondoi wote.

Jambo la pili linalonitia wasiwasi ni umri. ROLI iliingia katika ufilisi mwaka 2021, ikazinduliwa tena kwa umbo jengine, na vyombo vyake vinaendelea kuuzwa. Waliokuwa wamevinunua walipitia kipindi cha kujiuliza. Wanunuzi wa mwanzo wa Osmose walisubiri takriban miaka mitatu kabla ya kuishika. Hizo si aibu za mtu, ndiyo hali ya biashara changa. Lakini chombo ambacho sauti yake ni programu hukitegemea kiwanda hata baada ya kununuliwa. Ganuni ikikatika uzi, uzi hutafutwa. Hiki kikizima, utamwita nani Malindi au Ng'ambo?

Na wasiwasi huu si wa dhana tu. Kikundi kimoja cha taarabu cha hapa kisiwani, ambacho sitakitaja, kimepata fedha kutoka kwa mfadhili, kiasi kinachotosha jambo moja. Fidla zao nne, mbili hazina nyuzi. Akodiani inavuja pumzi. Ganuni ipo, mpigaji hayupo. Vijana wa kikundi walipopata habari za sanduku la mpwa wangu, wakaja, wakakibonyeza, na macho yakawang'ara. Wakapendekeza fedha zile zinunuliwe kinanda kama hiki. Hoja yao si ya kudharau: kwa chombo kimoja, walisema, tutapata fidla, nai na sauti yenye kupinda, na maqamu tulizozipoteza tutazirudisha. Kamati ikaniomba niandike maoni yangu, kwa kuwa nimekaa nacho.

Kabla ya kuandika nilimwita fundi. Ni mzee wa zaidi ya miaka sabini, na wapigaji fidla wa kikundi hicho waliopata kusifiwa wote walipita mikononi mwake. Alikaa, akakitazama kinanda mbele na nyuma, akauliza, "Kinakazwa wapi?" Mpwa wangu akamweleza kwamba hakikazwi. Hilo hakulipenda. Akamwomba achague sauti yoyote isiyopiga kelele, kisha akaweka kidole kimoja juu ya Re, akakizamisha polepole mno, hata nikadhani hakikuwashwa. Sauti ikaja kutoka mbali. Akapanda hadi noti ya pili ya Bayati, ile ambayo nayo haimo katika vibonyezo, akakiegemeza kibonyezo kushoto, na noti ikakaa. Hakuitafuta. Ilikaa mara ya kwanza, kwa kidole cha mtu ambaye alituambia kwamba maishani mwake hajabonyeza kinanda.

Mpwa wangu ana chombo hiki kwa muda mrefu. Anajua kila ukurasa wa kioo kile kidogo, anajua kuibadilisha sauti mpaka nyumba itetemeke, na noti hiyo hajaipata hata siku moja. Na aliposikia, kwa uungwana wake, alisema hivyo mwenyewe. "Mimi nilikuwa sijui kama hapo pana kitu," alisema.

Hapo ndipo nilipolipata neno. Kinanda hiki si elezi, wala hakina hisia. Ni sikivu. Nalichagua kwa sababu katika Kiswahili mtoto msikivu ni yule anayesikia na anayetii kwa pamoja, na chombo hiki hakifanyi zaidi ya mawili hayo. Kinakisikia kidole katika pande ambazo vinanda vilivyotangulia vilikuwa viziwi, na kinakitii. Kidole kisicho na habari nacho kinasikiwa vilevile, na kutetemeka kwake kote hutangazwa. Katika hili kinanda cha kawaida kina huruma zaidi, huficha aibu.

Fundi aliendelea kiasi cha nusu saa, kisha akaondoa mkono na kutoa kasoro mbili, ambazo nazinakili kwa kuwa sijaziona zikitajwa penginepo. Ya kwanza: "Sauti iko kule," akaonyesha spika iliyokuwa pembeni ya ukumbi, "na mimi niko hapa." Mpiga fidla husikia kwa taya kabla ya kusikia kwa sikio, ubao wa fidla humtetemesha mfupa, naye huirekebisha noti kwa mfupa huo. Ya pili ilihusu hoja ya vijana, kwamba chombo kimoja kitakuwa fidla zote. Alicheka. Fidla nne za taarabu, alisema, hazipigi kitu kimoja. Zinakwenda njia moja, lakini mmoja hutangulia nusu hatua, mwengine hupamba, mwengine huchelewa kwa makusudi, na utamu wa chango ni kule kutolingana. "Huyu ni mtu mmoja tu, hata akiwa na vidole kumi."

Niliwaandikia kamati hivi. Kwamba hiki ni kinanda cha kwanza nilichowahi kukigusa ambacho naona kinamstahiki mwimbaji wa taarabu, na kwamba waliokilaani bila ya kukigusa wamekosea. Kwamba, hata hivyo, fedha hizi zisinunuliwe kinanda. Zinunuliwe nyuzi, akodiani itengenezwe, na fundi alipwe mwaka mzima afundishe vijana sita, mara mbili kwa wiki, Rasti, Bayati na Sika, kwa fidla na kwa kuimba, pamoja na zile bashrafu ambazo yeye peke yake bado anazo kichwani. Kwamba watakaokuwa na noti hizo vidoleni mwao ndio watakaojua la kukiambia chombo sikivu siku watakapokipata, na ndio watakaoweza kukitungia. Martenot asiye na Messiaen wake ni fundi wa simu za upepo. Nikaongeza kwamba mpwa wangu amekubali kuniachia kinanda chake hadi safari ijayo, na kwamba mlango wangu uko wazi kwa yeyote kati ya vijana hao sita.

Mmoja wa vijana, tena ndiye mwenye sikio zuri kuliko wenzake, alinijibu kwa adabu lakini bila ya kuuma maneno: "Maalim, kinanda kitakuwapo mwakani. Fundi tuna hakika naye?" Sikuwa na jawabu. Niliona kwamba hoja yake ni hoja yangu mimi, isipokuwa imegeuzwa uso, na nilimwambia ndiyo maana ya haraka.

Kamati itakutana baada ya Idi. Fundi, kwa upande wake, huja kwangu kila Alkhamisi baada ya alasiri. Wiki ya tatu alimtaka mpwa wangu kwa simu amweleze namna ya kupunguza sauti ya spika bila ya kuizima, kisha akaibeba mwenyewe kutoka pembeni, akailaza sakafuni chini ya kiti chake, akavua viatu na kuweka nyayo zake juu yake, ndipo akaanza kupiga.